Sinia la Mgeni: Chakula cha Mapokezi Pwani na Bara

Katika miji yetu ya Maziwa Makuu, kama ilivyo Unguja, Lamu na Mombasa, umeenea siku hizi mtindo wa kupangisha nyumba au chumba kwa mtu wa siku mbili tatu. Mwenye nyumba aghalabu hayupo. Ufunguo huachwa kwa mlinzi au kwa jirani. Mezani mpangaji hukuta chupa ya maji, ndizi chache, majani ya chai na sukari, na pengine sahani ya karanga iliyofunikwa. Wenye nyumba hawakubaliani juu ya vitu hivyo. Wako wasemao ni hasara, maadamu mtu amelipia kitanda na wala hakulipia tumbo. Wako wasemao ni ada ya kigeni iliyokuja na watalii, nasi tunaifuata kwa kuiga tu.

Kauli hiyo ya pili ndiyo iliyotusukuma kuandika. Mtu alalaye kwa siku chache katika nyumba isiyo yake kwa ajili ya shughuli zake, na mwenyeji ampelekeaye chakula huku naye akitazamia faida, ni watu wa kale sana katika historia ya Waswahili. Sinia la kwanza halikuwa sadaka, wala halikuwa bidhaa. Lilikuwa ahadi, na aliyelipeleka alikuwa amejifunga.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mwanafunzi wa Kigali au wa Gitega asikiapo kwa mara ya kwanza sentensi kama "Mgeni amefika, mpikieni," huenda akatabasamu, kwani kwa Kinyarwanda na Kirundi umugeni ni bibi arusi. Mtu aliyekuja kuzuru tu huitwa umushyitsi, au umushitsi kwa Kirundi, yaani aliyewasili. Waganda wao wana omugenyi, naye ni yule yule mgeni wetu. Shina ni moja, maana zimeachana. Na mwalimu akitaka kulieleza jambo hili darasani aweza kusema kwamba bibi arusi naye ni mgeni, ila ni mgeni asiyerudi kwao. Neno la upande wa pili, mwenyeji, husemwa kuwa limetokana na "mwenye mji". Tuangalie vema: si mwenye nyumba, bali mwenye mji. Mwenyeji ni mtu anayejulikana mahali, awezaye kumsemea asiyejulikana. Ndiyo maana Kiswahili kina jozi mbili za maneno ambazo hazipasi kuchanganywa: mgeni na mwenyeji, mpangaji na mwenye nyumba. Mtu wa siku tatu aliyelipia chumba yuko katika jozi ipi?

Habari ya zamani iliyo kamili kuliko zote juu ya jambo hili haitoki Unguja wala Kilwa. Yatoka Mogadishu, mji ambao katika karne ya 14 ulikuwa mkubwa miongoni mwa miji ya biashara ya pwani hii. Msafiri wa Tangier, Ibn Battuta, alifika huko mwaka 1331, naye baadaye akasimulia safari zake katika kitabu kilichokamilika mwaka 1355. Anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilitoka mjini kukilaki. Ndani ya kila mashua mlikuwa na vijana, na kila kijana ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi sahani mfanyabiashara mmojawapo aliye chomboni na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Basi mfanyabiashara hateremki ila kwenda nyumbani kwa kijana yule, isipokuwa kama alikwisha kuuzuru mji mara nyingi na ana watu wake anaowajua. Huyo huenda apendako.

Hapa yatupasa kutua kidogo. Chakula kinapelekwa kabla ya mguu wa mgeni kugusa mchanga. Mgeni hajaomba, na mwenyeji hajui kama shehena ni ya thamani au ni takataka. Lakini sahani ikishapokewa, mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa. Mwenyeji ndiye atakayemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia anazozitaka. Na Ibn Battuta anaongeza sharti ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha mambo yote: mtu akimlalia mgeni kwa bei duni mno, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa haifai. Mji mzima ulikubali kwamba aliyekula sahani ya fulani yumo katika dhamana ya fulani. Mwenyeji alipata faida kwa udalali wake, hapana shaka. Kijana hakupiga kasia juani kwa mapenzi matupu. Lakini faida yake ilitegemea mgeni asidhulumiwe. Mwizi wa mgeni alikuwa mwizi wa mwenyeji.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Kijana mmoja alipomjia na sahani, wenzake chomboni wakasema huyu si mchuuzi, ni mwanachuoni. Na ada ya mji ilikuwa mwanachuoni aende kwanza kumwona mtawala. Huko aliletewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya waridi ya Damascus mikononi, kisha akapelekwa katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa elimu. Chakula kilichofuata amekieleza kwa uchu wa mtu aliyetoka baharini: wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake sahani za kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, maziwa ya mgando, na pamoja nayo achari ya ndimu, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Mpishi yeyote wa pwani akisomewa orodha hii leo hatauliza maana ya kitu hata kimoja. Tambuu tu ndiyo iliyopungua mezani.

Alikaa siku 3 na chakula kikaletwa mara 3 kila siku. Siku ya 4, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa mavazi ya kuvaa aende msikitini kuonana na mtawala. Hesabu hii ya siku 3 haikuzuka tu. Mafundisho ya Kiislamu huhesabu haki ya mgeni kuwa siku 3, na yapitayo hapo huwa ni sadaka. Methali yetu ya mgeni na jembe hukaza zaidi, kwani yenyewe humpa siku mbili. Wanafunzi hupenda kuicheka methali hiyo wakidhani ni ya uchoyo. Sisi twaiona kuwa ni ya uwazi: inamjulisha kila mmoja lini ukarimu unakoma na lini ushirika wa kazi unaanza. Mapatano ya kupanga nyumba kwa siku zilizotajwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa karatasi.

Tusije tukadhani kwamba sahani ilitosha kuleta amani kila mara. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, pamoja na pete. Chakula kililiwa, lakini kila upande ulikuwa na shaka na mwenzake, na kabla ya wiki kupita Wareno walikwisha ng'oa nanga kwa chuki. Malindi walipokelewa kwa namna nyingine: kondoo sita, na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. (Mwalimu wa historia atatambua kwamba karafuu ile haikuota Unguja, ambako zao hilo lilipandwa karne tatu baadaye, ilikwisha kusafiri bahari nzima kutoka visiwa vya mashariki kabla ya kuwa zawadi.) Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi na Mombasa, naye alitafuta rafiki mwenye mizinga. Kondoo wale walikuwa wa siasa tangu zizini.

Sasa tuelekee bara, kwani sinia nalo lilipanda njia ya misafara katika karne ya 19. Tabora na Ujiji zilikuwa bandari za nchi kavu. Msafiri aliyefika Unyanyembe alipewa tembe ya kukaa muda wa kupumzika, kutafuta wapagazi wapya na kungoja habari za njia. Mwezi wa Juni 1871 Henry Stanley alipewa tembe huko Kwihara, na wakubwa wa Tabora wakamletea ng'ombe 5 walionona, kondoo 8 na mbuzi 10. Mwingine akaleta kuku 12 na mayai kwa dazeni. Stanley aliguswa mno, akaandika sifa nyingi. Muda si muda, mwezi wa Agosti, alikuwa akifuatana na wenyeji wake katika vita juu ya Mirambo, na vita hivyo viliwashinda. Hatusemi ng'ombe ndio waliomwingiza vitani, maana njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, na Stanley alikuwa na haja zake. Twasema tu kwamba aliyekwisha kula vya watu wa mji hawezi kukaa barazani kama mtazamaji mji unapopigana.

Alipofika Ujiji mwishoni mwa mwaka ule ule na kumkuta Livingstone, tunaona picha nyingine. Livingstone alikuwa hana kitu. Aliyekabidhiwa mali yake alikwisha kuiuza yote. Mfanyabiashara Sayyid bin Majid alikuwa amekwisha kumwambia kwamba yuko tayari kuuza pembe ili amsaidie. Siku ya kukutana, wageni hao wawili wakiwa wameketi, bin Majid alileta sahani ya vibandiko vya nyama vyenye moto, Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri akaleta wali na nyama ya mbuzi. Sahani zilifuatana. Kila nyumba yenye heshima ilitaka chakula chake kihesabiwe. Na katika nyumba ya Livingstone mwenyewe alikuwako mpishi wake, Halima, aliyehangaika asije bwana wake akaaibika mbele ya mgeni. Jina lake limesalia kwa bahati. Vitabu hivi vyote huwataja wapelekaji wa sahani na kuwanyamazia wapikaji. Vijana wa Mogadishu walishika sahani, lakini nani aliyeamka usiku kuosha mchele na kuyeyusha samli? Wanawake wa nyumba, na mara nyingi watumwa. Historia ya ukarimu isiyowataja hao ni nusu ya historia.

Nusu hiyo nyingine huonekana wazi zaidi katika Buganda. Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Februari 1862, ameeleza kwamba mgeni wa Kabaka hakupaswa kununua chakula. Aliambiwa watu wake wajichumie ndizi katika mashamba ya raia. Kwa mgeni ilikuwa heshima. Kwa mkulima aliyeamka na kukuta mikungu imekatwa, ilikuwa kodi. Katika Maniema mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana misafara yenye bunduki ilijilisha kwa nguvu katika vijiji, na hapo neno "mgeni" lilikwisha kupoteza maana yake njema. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila sinia si tamu kiasi gani, bali limetoka katika ghala la nani.

Walakini ukarimu wa watu wa huku haukungoja misafara. Wapwani walikuta kwetu desturi kamili za kumpokea mgeni, na nyingi zilikuwa za kinywaji. Waganda humpa mgeni emmwanyi, yaani punje za kahawa zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, atafune. Wahaya wa Bukoba wana desturi hiyo pia. Ndani ya tunda moja la kahawa mna punje mbili, na watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana punje hizo, kila mmoja yake. Mtu wa pwani aliyezoea kunywa kahawa chungu kwa kikombe kidogo, akifuatisha tende au halua, alishangaa kuona kahawa inaliwa. Hata leo Kiganda kinatenga vitu hivyo viwili: emmwanyi ni punje, kaawa ni kile kinywaji.

Rwanda na Burundi mgeni hupewa pombe ya ndizi au ya mtama, na zamani walikunywa kwa mirija katika chungu kimoja. Mwenyeji huonja kwanza. Desturi hii yafahamika na kila mtoto wa huko: mwenye nyumba hunywa funda mbele ya mgeni ili aonyeshe kwamba chungu ni salama, ndipo humpa mgeni. Mahali palipo na ng'ombe hutolewa maziwa, nayo hayatolewi kwa kila ajaye ovyo. Linganisha na Mogadishu. Huko mwenyeji alimdhamini mgeni mbele ya soko; huku anajidhamini yeye mwenyewe mbele ya mgeni. Tendo ni lile lile la kujifunga kwa kinywa.

Na sasa twaja kwenye ushahidi ambao hauhitaji msafiri yeyote wa kigeni, ushahidi wa lugha zenyewe. Mwalimu achukue meza iliyoandaliwa kwa ajili ya mgeni, katika nyumba ya Kampala au ya Kigali, na aulize majina ya vilivyo juu yake. Kinyarwanda kitajibu: ameza, isahani, ikiyiko, umuceri, icyayi, isukari, umugati. Kiganda kitajibu: emmeeza, essowaani, ekijiiko, omuceere, caayi, sukaali, omugaati. Maneno karibu yote hayo yamepita katika Kiswahili, mengine yakiwa yametoka mbali zaidi, Uarabuni, Uajemi au Ureno. Kisha aulize majina ya vitu ambavyo mwenyeji alikuwa navyo tangu zamani: ndizi ya kupika, pombe, maziwa. Atapewa matooke, mwenge, urwagwa, amata, na Kiswahili hakimo. Mpaka wa safari umechorwa katikati ya meza. Upande mmoja ni chakula alichokuja nacho mgeni wa njia, upande wa pili ni chakula alichokikuta. Tumelitumia zoezi hili na wanafunzi wa miaka mingi, na hakuna somo la maneno ya kukopa wanalolikumbuka kuliko hili.

Nini basi kilimtenga mwenyeji na sinia lake? Mji wa kisasa ulimgawa mwenyeji vipande viwili. Kula kulikwenda katika hoteli na mkahawa, kulala kukaenda katika gesti. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha watu wengi hoteli ni mahali pa kula, hata kama hapana kitanda, jambo linalowatatiza wageni wa Ulaya. Na gesti, au "nyumba ya kulala wageni" kama vibao vya serikali vya Tanzania vinavyoandika, yatangaza kwa jina lake kwamba kazi yake ni usingizi. Mtu akaweza kulala mahali na kula mahali pengine, asimjue mwenyeji hata mmoja.

Upangishaji wa siku hizi kwa njia ya intaneti umeviunganisha tena vipande hivyo, walau kwa jina. Kampuni ya Airbnb ilianza San Francisco baada ya vijana wawili, mwezi wa Oktoba 1987 ukiwa umepita miaka 20 kamili, yaani Oktoba 2007, kulaza wageni watatu juu ya magodoro ya upepo sebuleni kwao na kuwapa kifungua kinywa asubuhi. Godoro la upepo na kifungua kinywa ndivyo vilivyolipa jina shirika lao la mwaka 2008. Kifungua kinywa kimekwisha kutoweka katika nyumba nyingi, jina limebaki. Dhamana nayo imehama. Yule kijana wa Mogadishu alisimama mwenyewe kati ya mgeni na soko. Leo anayesimama hapo ni kampuni iliyo mbali, na sifa au lawama za wageni waliotangulia, zilizoandikwa ili kila mtu azisome.

Kwa hiyo hatukubaliani na mwenye nyumba anayehesabu ndizi nne kuwa hasara, wala na yule anayejaza meza biskuti za makopo ili asifiwe. Sahani ya kale ilikuwa na maana kwa sababu aliyeipeleka alipatikana kesho yake mgeni alipoibiwa sokoni au alipoumwa usiku. Chupa ya maji yenye kizibo kisichofunguliwa yafanya kwa mgeni wa leo kazi iliyofanywa na funda la kwanza la mwenye nyumba wa Burundi: yamhakikishia kwamba kinywaji ni salama. Lakini kizibo hakimwonyeshi njia ya zahanati, wala hakimwambii nauli halali ya pikipiki hadi stesheni. Mwenyeji akiacha mezani namba ya simu ambayo kweli itaitikiwa, na jina la jirani wa kumwendea, atakuwa ameuelewa mji wa Mogadishu kuliko aachaye keki.

Limebaki jambo moja la kazi yetu. Vitu hivi vya mezani havina jina moja lililokubaliwa. Wengine huviita "takrima", neno zuri ambalo katika siasa limechafuliwa na harufu ya hongo. Wengine husema "makaribisho", wengine "chakula cha mapokezi", nasi tumelitumia hili la mwisho kwa kukosa lililo bora. Twajua kwamba Waswahili wa Buyenzi, wa Nyamirambo, wa Kibuli na wa Kasongo wana maneno yao kwa sahani ya kwanza apewayo mtu aliyetoka njiani, na mengi hayajaingia katika kamusi yoyote. Walimu walio karibu na wazee wa mitaa hiyo twawaomba wayakusanye, waandike na namna yanavyotumika katika sentensi, pamoja na jina la chakula chenyewe, na wayalete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.